Nthambi na Daktari wa Timboni

Nthambi alianza kupigana kabla hajang'oka meno ya utoto. Baba yake, Muthoka, alikuwa mmoja wa Wakamba walioshuka kutoka bara wakapewa mashamba kule Shimba Hills, na jirani yao wa upande wa bondeni alikuwa na tabia ya kuusogeza mpaka kila mvua zinyeshapo. Siku moja jirani huyo alimwangusha Muthoka katikati ya mahindi, akamkalia kifuani na kumkaba. Nthambi alitoka jikoni mbio na mwiko wa sima ambao ulikuwa bado unafuka moshi, akaubandika shingoni mwa yule mtu mpaka ngozi ikashikana nao. Mpaka wa shamba haukusogea tena.

Alipokua aliolewa na Muange, fundi wa mabati pale Ukunda. Muange alimzaba kofi mara moja tu, mbele ya wateja, apate kujulikana kuwa ni mume. Jioni hiyo alitoka nyumbani akiburura mguu, damu imemlowesha suruali, na mpini wa jembe ukamfuata hadi barabarani. Hakurudi. Nthambi hakumlilia. Alitafuta kazi iliyolingana na mabega yake, akaipata kwenye timbo la mawe nyuma ya Msambweni, kupakia malorini matofali ya matumbawe yanayojenga nyumba za wageni kule Diani.

Huko timboni alipata rafiki mmoja, Tofiki, kijana wa Jego aliyeacha bahari na kujifunza kuendesha msumeno wa kukatia mawe. Tofiki alikuwa mpole wa maneno, mtu wa swala tano, na alimwita Nthambi dada. Shemeji yake, Chome, aliyemwoa dada yake Mwanafatuma, alifanya kazi hapo hapo. Watatu hao walikula pamoja kila adhuhuri, wakichovya mkate katika mchuzi mmoja.

Asubuhi ya balaa, msumeno ulikuwa unalia vibaya. Tofiki aliuzima, akamwita msimamizi, mtu mmoja aitwaye Randu.

"Diski ina ufa," Tofiki alisema. "Yataka kubadilishwa."

"Kata. Lori linangoja."

"Bwana Randu, mimi sikati."

"Kama wewe waogopa, mpe shemeji yako."

Chome alicheka, akajifunga leso puani kuzuia vumbi, akashika usukani wa mashine. Nthambi alikuwa ameinama kando yake akiokota tofali. Alisikia mlio kama wa radi, kisha kimya cha ajabu. Diski ilikuwa imepasuka. Kipande kimoja kilimwingia Chome kooni, akaanguka chali juu ya vumbi jeupe, na vumbi lile likawa jekundu kabla miguu yake haijaacha kutapatapa. Kipande kingine kiliupasua mkono wa kulia wa Nthambi kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja, mfupa ukaonekana.

Tofiki alisimama baina ya watu wawili, hajui amshike nani. Alimtazama shemeji yake macho, akajua amekwisha kufa. Basi akageuka, akavua shati, akalifunga juu ya kiwiko cha Nthambi, akalikaza kwa kijiti mpaka Nthambi akamtukana kwa Kikamba. Akampakia kwenye bodaboda na kumkumbatia kwa nyuma asianguke, wakaenda hospitali wakiacha michirizi ya damu njia nzima.

Mkono ulishonwa. Ulikuwa na vidole vyake vyote, lakini vidole vile vilining'inia kama vya mtu mwingine. Nthambi alipojichoma kidole gumba kwa kaa la moto, bahati mbaya, akipika, alinusa nyama inaungua kabla hajajua ni ya nani.

Sasa, sheria ya kazi yasema mtu akiumia kazini ni lazima apimwe na daktari, na daktari huyo ndiye asemaye kiungo kimepotea kwa kiasi gani. Randu alimleta daktari timboni. Aliitwa Mwero, bwana mdogo mwenye koti jeupe na viatu vya kung'aa, na aliwapima watu katika ghala la vilainishi, wakiingia mmoja mmoja. Alimshika Nthambi mkono, akaugeuza huku na huku.

"Vidole vyote vipo?"

"Vipo, lakini havifanyi kitu."

"Vitafanya. Ulemavu ni mdogo. Utarudi kazini."

Kuhusu Chome aliandika kwamba marehemu alikuwa amelewa. Habari hiyo ilimfikia Mwanafatuma akiwa bado edani, na inasemekana alipiga kichwa chake ukutani mpaka wanawake wakamzuia. Chome hakuwahi kuonja pombe maishani. Tofiki alisikia pia. Alikaa tu akichuna ngozi ya kiganja chake kwa meno.

Nthambi aliurudisha mkono wake hospitali Msambweni. Safari hii alikutana na bingwa wa mifupa aliyehamia karibuni, Daktari Ummulkheir, mwanamke wa Vanga mwenye sauti ndogo. Daktari alimgusa kwa sindano vidole vyote, kimoja kimoja, huku Nthambi ametazama dirishani. Nthambi hakusikia hata kimoja.

"Nani alikwambia ulemavu ni mdogo?"

"Daktari Mwero, wa timboni."

Ummulkheir alitafuta jina hilo kwenye orodha ya madaktari katika simu yake. Akatafuta tena kwa herufi nyingine. Kisha akamwita muuguzi mmoja, Swabir, na Swabir aliposikia jina hilo aliguna. "Mwero wa Ukunda? Yule alikuwa akiuza dawa dukani. Duka lenyewe lilifungwa."

"Huyo si daktari, mama," Ummulkheir alisema polepole. "Si wa mifupa, si wa chochote."

Nthambi alihisi damu inampanda masikioni. "Basi nipime wewe. Uandike ukweli."

"Ukweli nitauandika katika kumbukumbu za matibabu yako. Lakini upimaji wa fidia una kibali chake, na mimi bado sijapewa. Nimeomba. Lazima nikahojiwe kwanza na madaktari wakubwa. Nikikupima leo, wakili wao atauliza kibali changu kiko wapi, na kesi yako itatupwa nje."

Nthambi alipiga meza kwa mkono wa kushoto, trei ya vifaa ikaruka na kutawanyika sakafuni. "Yule asiyejua kitu anapima watu kama mbuzi wa mnadani! Wewe unayejua unaniambia ningoje?"

"Ndiyo," alijibu Ummulkheir. Alikuwa ameogopa, lakini hakurudi nyuma. "Ngoja. Nikikosea mimi, utakayeumia ni wewe."

Nthambi alitoka akiwa na hamu ya kuvunja kitu.

Kitu hicho alikipata juma lililofuata. Mwero alirudi timboni kuwapima wengine, amevaa koti lile lile. Alikuwa bado hajashuka vizuri kwenye pikipiki Nthambi alipotoka nyuma ya lori ameshika kipande cha nondo kwa mkono wa kushoto. Hakumsalimu. Alimpiga taya, na wote waliokuwepo walisikia mfupa unavunjika. Meno mawili yalitoka pamoja na damu. Mwero alianguka kwa magoti, Nthambi akampiga tena begani.

"Mfupa huu ni upi, daktari? Niambie jina lake!"

Watu waliacha mashine zao. Wengi walikuwa wamepimwa na mikono ile: mwenye mgongo uliopinda, mwenye jicho lililotoboka, mwenye mguu mfupi. Habari ya duka la dawa ilikuwa imeshaenea. Walimjia kutoka pande zote. Mtu mmoja alimkanyaga mkono mpaka vidole vikalia. Mwingine alimpasua kichwa kwa tofali. Koti jeupe lilichanwa. Likaletwa tairi kuukuu kutoka nyuma ya ghala, akavishwa shingoni, na Tofiki, yule mpole wa swala tano, akaja na dumu la petroli ya mashine akammwagia kutoka kichwani hadi miguuni.

Nthambi alikuwa amesimama kando akihema, moyo umetulia, anaona mambo yanakwenda sawa. Hakuwa na huruma. Mwenyewe alikiri hivyo baadaye mbele ya hakimu, na hakuna aliyemsikia akikana. Lakini Mwero, jicho moja limefumba, mkojo unamtiririka, alianza kulia kwa taya iliyovunjika.

"Ni Randu! Randu alinambia niandike nini! La ulevi pia ni lake! Mimi sikumwona hata maiti!"

Hayo Nthambi aliyasikia vizuri. Akatazama kuelekea ofisini na kumwona Randu dirishani, mikono kifuani, anatazama tairi. Hakuita polisi. Hakupiga kelele. Alikuwa anangoja moto uwake, kwa maana mtu aliyeungua hatoi ushahidi.

"Tofiki!" Nthambi alipaza sauti. "Weka kiberiti chini!"

"Toka, dada."

"Huyu akifa, Randu ataoga, atakula, atalala! Huoni anachongoja?"

"Toka nisikuchome nawe!"

Alikuwa ameshatoa njiti. Nthambi aliitupa ile nondo. Alimrukia kijana yule aliyemfunga mkono usivuje roho, akampiga kichwa puani, pua ikapasuka. Wakaanguka pamoja juu ya petroli. Tofiki alimkaba, Nthambi akamng'ata mkono wenye kiberiti mpaka mdomo ukajaa damu, na hakuachia ijapokuwa alipigwa ngumi za mbavu, moja baada ya nyingine. Kiberiti kilianguka, akakilalia. Tofali lililorushwa na mtu asiyejulikana, labda akimlenga Mwero, lilimpasua yeye juu ya jicho.

Ndipo Tofiki alipoacha kupiga. Aliiona damu inamwagika usoni kwa Nthambi, akakaa chini kwenye vumbi, akaanza kulia kwa sauti, akiita, "Chome! Chome wee!" Kilio kile kiliwakata wengine nguvu. Mmoja akalitoa tairi. Wengine wakaondoka bila kutazamana.

Polisi waliwapakia Nthambi na Mwero nyuma ya gari moja. Walilala kwenye bati, bega kwa bega, wananuka petroli.

"Utasema?" Nthambi alimwuliza.

Mwero alitikisa kichwa kukubali.

"Usiposema, nitakutafuta."

Alisema, kwa kuandika, maana taya ilikuwa imefungwa nyaya. Randu alikimbia kabla jua halijatua, akavuka mpaka wa nchi pale Lunga Lunga, na alikamatwa miezi kadhaa baadaye aliporudi kisirisiri kumzika mama yake. Nthambi naye alishtakiwa kwa kujeruhi. Hakimu alimwuliza kama anajuta. Akajibu kwamba anajuta lile pigo la pili, si la kwanza. Wakili wake alijishika kichwa. Alihukumiwa kifungo cha nje, akafagia ua wa chifu kwa mkono mmoja hadi muda ulipokwisha, na mtoto yeyote aliyechekelea alitazamwa mara moja tu.

Kovu la usoni lilikuwa limeshakauka Ummulkheir alipomtumia habari kwamba kibali kimetoka. Nthambi alikwenda. Hakukaa kitini.

"Nionyeshe, daktari."

Muuguzi Swabir alikunja uso, lakini Ummulkheir alikitoa kibali ukutani pamoja na fremu yake na kumkabidhi. Nthambi alikisoma neno kwa neno, akalinganisha jina na lile la kitambulisho cha daktari, akatazama picha, akatazama uso.

"Walikuuliza nini?"

"Walinihoji asubuhi nzima. Shahada zangu, mafunzo yangu, watu niliowapasua na walivyopona. Halafu wakaniletea mtu aliyeumia bega, nikampima mbele yao, wamenikodolea macho. Nilitoka jasho mpaka viatuni."

"Vizuri," Nthambi alisema. Akakaa.

Upimaji ulichukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Alichomwa, akavutwa, akaambiwa akamate chupa, chupa ikaanguka. Ummulkheir aliandika kwamba mishipa ya fahamu imekatika, na kwamba mkono huo, ingawa upo, ni sawa na uliopotea. Nthambi alisomewa maneno hayo. Alikuwa ameyajua siku zote, lakini aliposikia mtu mwenye haki ya kuyasema anayasema, machozi yalimtoka, akakasirika kwa kuyatoa.

"Na hili la usoni?" daktari aliuliza. "Ulilipata kazini?"

"Timboni, ndiyo. Lakini kazi haikuwa ya timbo."

Ummulkheir hakuliandika.

Fidia ilikuja, ikachelewa, lakini ilikuja, na ya Mwanafatuma pia, baada ya neno la ulevi kufutwa na hospitali iliyoupokea mwili kueleza kilichomwua Chome. Tofiki hakuwa amesema na Nthambi kitambo chote hicho. Alikuja Shimba Hills, kwenye shamba la Muthoka, asubuhi moja, pua yake imepinda, alama za meno ziko mkononi. Nthambi alikuwa anahangaika kupasua kuni kwa mkono wa kushoto, shoka linaruka ovyo.

"Hodi, dada."

"Karibu."

Tofiki alilitazama shoka. "Ningemwasha, wallahi."

"Najua."

"Na wewe ungeniua."

"Ningekuua," alisema Nthambi.

Tofiki alilichukua shoka. Alipasua gogo la kwanza vibaya, upande upande, kama watu wa baharini wasiozoea kuni, na Nthambi akaanza kumfokea palepale, akimwambia atapoteza mguu, asimame hivi, ashike hivi. Akaendelea kupasua, naye akaendelea kufoka.