Seneta wa Marekani na Sala ya Hawe

Enzi zetu pale Changamwe, gazeti la Marekani lilitufikia likiwa limefungiwa samaki. Mwalimu Jefwa alikuwa na ndugu aliyebeba mizigo bandarini, na kila meli ya Wamarekani ilipotia nanga alimwokotea magazeti yaliyotupwa, akamfungia samaki ndani yake. Mwalimu aliyanyoosha kwa kiganja, akatufasiria kwa chumvi yake.

Ndivyo tulivyomjua yule seneta. Jina limenitoka. Mtoto wa mkulima, akavaa viatu vya kakake, akasomea sheria, akachaguliwa kwenye baraza lao kuu tena na tena mpaka akaota mvi, akatumwa hata nchi za nje kupatanisha wakubwa. Lakini lililotushika ni moja. Alipotaka kuzuia sheria mbaya, alisimama akasema kutwa nzima, kwani kwao aliyesimama kusema hakatizwi, mradi asikae.

Tuliacha nage tukacheza useneta. Unapanda pipa, unasema, ukinyamaza umetoka. Mimi niliwahi kumaliza kutaja samaki wote wa baharini nikaingia mbuzi. Watoto wa siku hizi ukiwauliza jambo hukujibu kwa bega.

Nilimsimulia Hawe, bibi yangu mzaa baba, tukimenya muhogo.

"Alikunywa maji?" akauliza.

"Sijui, Hawe."

"Na haja ndogo je?"

"Mwalimu hakusema."

"Kamuulize."

Nikamuuliza, nikala kiboko kimoja. Hawe akacheka sana. "Basi naye hajui," akasema.

Kisha akaja Baba Mkubwa kutoka Voi. Mkewe alikuwa amejifungua pacha, akataka mimi nikawalee, shule niache. Baba, kwa kuwa ni mdogo wake, alitazama miguu yake tu. Nguo zangu mbili zikafungwa kwenye leso. Niliipenda shule kuliko kitu chochote, nikalia jikoni mpaka moshi ukasingiziwa.

Ilipokaribia saa ya treni, Baba Mkubwa akasema, "Mama, tuombee safari."

Hawe akasimama. Akaiombea safari, reli, dereva, na kila stesheni hadi Voi. Akaingia kwa marehemu, mmoja mmoja kwa jina. Akawaombea hata ng'ombe wa babake. Baba Mkubwa akakohoa. Hawe akamwombea kifua. Nani atamkatiza mamake katikati ya sala? Nilifumbua jicho moja nikamwona ameshika meza kwa mikono miwili, na jicho lake moja liko wazi, linanitazama.

Treni ikapiga king'ora. "Kwa hayo na mengine," Hawe akaendelea. Baba Mkubwa hakungoja amina. Kesho yake alitakiwa kazini, akashika mfuko wake akatoka mbio peke yake. Leso yangu ikabaki pale benchi. Mwezi uliofuata alipata yaya hukohuko Voi.

Nilikuja kuwa mwalimu. Chuoni nikasoma kwamba yule seneta alichoka, akakaa, na sheria ikapita. Nilifunga safari nikamwambie Hawe, wakati huo haoni tena.

"Maskini," akasema. "Hakuwa na treni."

Leo wajukuu wangu wana maisha ya seneta yeyote ndani ya simu, na sala ya chakula tu inawachosha. Juzi nilimsimulia mmoja habari za huyu wangu, nikamwuliza kama anadhani alikunywa maji. Akanijibu kwa bega. Ningetoa chochote nimsikie Hawe tena akiniambia, kamuulize.