Upenyo wa Gitaa la Marehemu

Fundi magitaa wa mtaani kwetu hazungumzi na mtu kabla hajazungumza na gitaa. Hulilaza mapajani kama mtoto anayeogeshwa, kisha huusukuma uzi wake mwembamba zaidi kuelekea ukingoni, kwenye kila kijichuma kilichokingama shingoni, akisikiliza unanasa wapi. Magitaa ya zamani hukauka, na kati ya ncha ya kijichuma na utepe wa plastiki wa pembeni hufunguka upenyo. Yeye huukwangua utepe kidogo, unga wake akaukoroga na gundi, akaziba kwa ncha ya sindano, ulimi nje. Mimi huketi pale kwa kuwa nyumbani wajukuu wana kelele, ingawa sijui kwa nini naeleza hayo.

Juzi mama mmoja alikuja kuchukua gitaa la marehemu kaka yake. Akapiga wimbo aliofundishwa naye, mara vidole vikapotea.

“Fundi, wimbo wangu umeupeleka wapi? Hapa kaka alikuwa anasimama kidogo.”

“Alikuwa ananasua uzi, dada. Nimeshauziba upenyo.”

“Basi na mimi nilifundishwa kusimama hapohapo! Sasa kidole kinateleza tu.” Machozi yakamlengalenga.

Nikamwambia fundi asijali, kazi yake ni safi. Akashika sindano, akaanza kuichokoa gundi yake mwenyewe. Hata sasa sielewi kama alikuwa anatengeneza au anaharibu.

“Imba, dada,” akasema, “nisikie alikuwa anasimama kiasi gani.”