Kokwa za Zizini

Mama yangu aliporudi nyumbani Kanyangi kutoka hospitalini, alikataa kula. Uji alisema ni maji. Ndizi zilizoletwa na shangazi kutoka Kilungu alisema ni za wagonjwa. Dawa zake hazikutakiwa kumezwa tumbo likiwa tupu, kwa hiyo dada yangu na mimi tulimbembeleza hadi akataja kitu kimoja: muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, uliotiwa viini vya ng'ongo.

Mng'ongo wetu haukupandwa na mtu. Matunda yake huangukia chini, mbuzi huyala pamoja na kokwa, na usiku wakicheua huzitema kokwa hizo zikiwa safi, bila nyama. Asubuhi mtu huingia zizini akaziokota. Familia yetu imepata viini vyake kwa njia hiyo tangu zamani, na sijasikia aliyeugua.

Lakini nilikuwa nimemsikiliza muuguzi wa hospitalini kwa makini alipozungumzia usafi. Nilizisugua kokwa kwa sabuni ya unga, nikazisuuza na kuzianika. Kisha nikazipasua juu ya jiwe, nikachokoa viini kwa sindano. Kazi yote hiyo ilijaza kiganja kimoja. Dada alivitwanga, akavitia chunguni.

Mama alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Nani ameosha hizi?"

"Mimi, mwaitu."

"Na sabuni?"

"Kiini kiko ndani, mwaitu. Sabuni haifiki."

"Basi kula wewe. Tumbo lako limesoma."

Dada alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri.

Nilirudi zizini. Safari hii Mama aliagiza kiti chake kisogezwe hadi kwenye jiwe, apate kunichunga. Kokwa ya kwanza niliiponda pamoja na kiini chake. Ya pili iliruka ikampiga kuku.

"Unapiga kama unaua nyoka. Lete hapa."

Aliisimamisha kokwa kwa ukingo, akaigonga bila nguvu, ikafunguka. Alichokoa kiini, akakitia mdomoni, akachukua nyingine, kisha nyingine, kwa vidole vilivyokuwa na vumbi la zizi. Nilimkumbuka yule muuguzi, nikamsogezea Mama kokwa nyingine.

Alipokuwa amekula viini vya kutosha, nilimletea dawa na maji. Alizimeza zote, akanirudishia kikombe, akauliza mbona nimesimama tu na kokwa zimekwisha.