Mapumziko ya Kalenga

Nilianguka ubaoni nikifundisha hesabu za sehemu, chaki ikiwa bado mkononi. Nilipozinduka nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya walimu, hapa hapa Chunya, mwenzangu akinipepea kwa daftari. Hospitalini wakasema presha imepanda na usingizi sipati. Daktari akaniuliza nafundisha watoto wangapi. Nilipomtajia idadi, akaniandikia mapumziko.

Hesabu za darasa la saba tulikuwa tukizigawana wawili tu, mimi na yule aliyenipepea, dada aliyenizidi umri na mwanakwaya wa kanisani kwetu. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia.

"Nenda, Madam," aliniambia. "Watoto wako nitawachukua."

Nikaenda kwa mama, Kalenga. Nililala mpaka mchana. Nilikula ugali kwa majani ya maboga, nikapukuchua mahindi kibarazani, na kichwa kilichokuwa kikigonga kwa miezi kikatulia. Hapo ndipo dhamiri ilipoanza kunisuta. Kila kengele ya shule ya pale kijijini ilipolia, nilimwona mwenzangu akiwabananisha watoto wangu na wake kwenye chumba kimoja, halafu mimi natafuta kivuli cha kukaa.

Nilimpigia simu.

"Tunaendelea vizuri. We pumzika."

Sauti ilikuwa inakwaruza. Nikamuuliza kama ana mafua.

"Vumbi tu," akasema.

Nikamwambia mama narudi kazini. Hakuacha hata kupepeta.

"Ukaanguke tena? Huyo mwenzio afundishe watoto wako, na wewe akuuguze?"

Nikabaki. Ukweli ni kwamba nilifurahi kushindwa ule ubishi.

Niliporudi, sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. Alikuwa anaandika swali ubaoni, darasa zima linalisoma kwa sauti, naye anaonyesha kwa kidole nani ajibu. Watoto wangu walikuwa wamefika mbali kuliko nilivyowaacha. Aliponiona alicheka kimya kimya.

"Umenenepa," alininong'oneza.

Sikujua niweke wapi uso. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kumwombea mwenzangu naye apumzike.

"Na vipindi vyake?"

"Nitashika mimi."

"Wewe uliyetoka kuumwa juzi?" Alisema kwa upole, lakini hakukubali. Mpaka mtihani upite.

Ulipita. Watoto walifanya vizuri, tukasifiwa sote wawili kwenye kikao cha wazazi. Tulisimama, tukapigiwa makofi, na mimi nikatazama sakafu. Mwenzangu alipopata nafasi ya kwenda Mbeya kuonana na daktari wa koo, aliambiwa amechelewa kidogo.

Siku hizi anaongea, ila sauti inamkatika katikati ya sentensi. Kwaya ameacha. Watu wakimuuliza anasema ni umri. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, na wanakwaya wakianza naona midomo yake inafuata maneno. Mimi naimba kwa sauti ya chini, asinisikie.