Viboko vya Kumsafisha Baba

Kwetu Umatengo, mtu akikosa aliitwa sengu. Haikuwa mahakama. Wanaume wa ukoo walikula pamoja jioni nyumbani kwa babu, kila mke akileta ugali na maharage yake, na mambo yakasemwa huku wanakula. Aliyeiba aliketishwa ubavuni mwa aliyeibiwa, wakachovya bakuli moja. Kisha akaenda kumlimia ngolo, yale mashimo tunayochimba milimani ili mvua isibebe udongo, mpaka ukoo useme inatosha. Kazi ile ilivunja mgongo, lakini haikumvunja mtu.

Chama cha ushirika kilipoacha kuwa mnunuzi pekee wa kahawa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao barabarani, na hakuna aliyeuliza gunia limetoka kwa nani. Wizi ukashamiri. Kamati ya kijiji ikaamua wezi wachapwe hadharani siku ya gulio. Watu walishangilia, mgongo wa mtoto wa mwenzio hauumi.

Halafu akakamatwa kaka yangu. Alikuwa amezoa kahawa ya baba mdogo kichanjani, ilikokuwa ikikauka. Baba mdogo mwenyewe alikuja kwetu asubuhi.

"Kaka, huyu ni wetu. Tumpeleke sengu. Atanilimia, yataisha."

Baba alikuwa mjumbe wa kamati ile. "Watu watasema nini? Wa wenzangu wachapwe, wangu apewe ugali?"

"Waache waseme. Watu hawakosi la kusema."

"Sheria ni msumeno," baba akajibu.

Mpaka leo nikisikia methali hiyo natamani kutema mate. Pale gulioni mgambo alichapa kwa kusitasita, maana alikuwa anatujua. Baba akamnyang'anya fimbo, akachapa mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Mama akaondoka bila kuchukua kikapu chake. Baba alipomaliza alisimama wima, akageuka huku na huku ili kila mtu amwone. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akimrudi mwanawe. Alikuwa anajisafisha yeye. Wizi wenyewe haukukoma; wezi waliacha tu kuuzia karibu, wakawa wanapeleka kahawa Mpepai na Mbuji.

Kaka alishuka ziwani, akawa mvuvi Lituhi, wala hakurudi tena. Miaka ikapita, baba akaugua, akawa anamtaja kila akiamka. Nikamfuata. Nilimkuta anashona nyavu.

"Baba anakuita," nilimwambia. "Hana siku nyingi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanifungia usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, kwenye kitambaa. "Mpelekee mama. Mwambie shikamoo."

"Na baba je?"

"Nenda dada, gari litakuacha."

Nilirudi kwetu Mbinga nikiwa na hasira na wote wawili, lakini zaidi na yule aliyelala kitandani. Nilipoingia chumbani alijaribu kuinuka.

"Anakuja?"

"Anakusalimu, baba."

"Usinidanganye, mwanangu. Hata siku ile, nilipoinua fimbo ya kwanza, nilijua hatarudi."

Nilimfunika blanketi kwa sababu alikuwa anatetemeka. Kumhurumia nilishindwa. Miaka yote ile nilikuwa nikimtetea kwa mama kwamba hakujua.