Kisima cha Masele

Kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu Mkuyuni, mvua za mwaka tisini na saba zikimwagika bila simile, lawama zote alitupiwa Mwaija, mama ntilie. Uji wake ndio unaoua, watu walisema. Asubuhi moja vijana walimvunjia kibanda, wakamwaga sufuria zake barabarani. Mwaija akachukua wanawe, akavuka ziwa kwenda Busisi kwa dada yake.

Paskazia, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwapo na akanyamaza. Yeye pia aliamini ni uji. Lakini wiki iliyofuata wagonjwa waliongezeka, na Mwaija hayupo.

Ndipo alipochukua daftari, akapita nyumba kwa nyumba na maswali mawili: nani ameharisha, na maji ya kunywa mnachota wapi? Alipita nyumba thelathini na moja. Kumi na nne zilikuwa na wagonjwa, na kumi na mbili kati ya hizo zilichota kwenye kisima cha chini ya mwamba. Waliotumia bomba la shuleni karibu wote walikuwa wazima, hata waliokuwa wakinywa uji wa Mwaija kila siku.

Kisima kile alikichimba marehemu mume wa Paskazia, Masele. Siku hizi juu yake, mlimani, palijaa vyoo vya wapangaji. Paskazia alirudia kuhesabu mara tatu, akiomba awe amekosea. Kisha akaenda kwa Shimba, mdogo wake Masele.

"Shemeji, kisima kifungwe."

"Kaka yangu hakuacha mtoto," Shimba alisema. "Ameacha kisima. Leo unataka watu waseme kinaua?"

"Tumezika watoto watatu."

"Basi bomoeni vyoo!"

"Vyoo vitachukua miezi. Maji wanakunywa leo."

Shimba alinyanyuka, akaingia ndani.

Paskazia akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akakubali kifungwe. Siku ya kukifunga, Paskazia mwenyewe alisogeza mawe pamoja na mgambo. Tereza, aliyekuwa amezika binti yake wiki hiyohiyo, alisimama na ndoo tupu.

"Bomba la shule linatoka kwa zamu," alisema. "Sisi huku juu tunywe nini?"

Paskazia alimwambia watapewa dawa ya kutia kwenye maji ya mtoni. Hata yeye aliona jibu halitoshi.

Baada ya siku kumi na moja hapakuwa na mgonjwa mpya. Paskazia akavuka kwenda Busisi, akamweleza Mwaija yote.

"Siku ile ya kibanda ulijua?" Mwaija aliuliza.

"Sikujua. Ila nilinyamaza."

"Nilikuona," Mwaija alisema, akaendelea kusugua sufuria. Hakurudi Mkuyuni. Pale alipouzia uji, mtu mwingine alitandaza mitumba.

Shimba hakumsalimia tena shemeji yake. Paskazia aliendelea na mizunguko yake, akigawa dawa ya maji. Kwa Tereza alijibiwa mlango ukiwa umefungwa: "Weka hapo kizingitini." Akaiweka, akaandika jina, akaenda nyumba inayofuata.