Chupa Nyuma ya Jiliwa

Kwanza ieleweke: Ildefons Rutaihwa wa Kagoma hakuuawa na pombe. Wanaolisema hilo gulioni hawakuwahi kumwona ameshika hata kikombe cha rubisi. Na injini yake ilifanya kazi. Ilizunguka dakika arobaini mfululizo mjini Bukoba, na aliyeishuhudia yuko hai, akili timamu.

Lakini chupa za enkonyagi, gongo la ndizi, zilikuwepo. Hilo wasengenyaji hawakulitunga. Zilikaa karakanani nyuma ya jiliwa, kile kibano cha kushikia vyuma, zimefunikwa kwa gunia, na aliyeziona kwanza ni mkewe.

Dativa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Mumewe alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Walipooana, ndugu zake waliuliza msomi kama yeye amefuata nini kwa mtu wa grisi. Hakubishana nao. Aliwaonyesha nyumba yake: ua umefagiwa, watoto wamesoma, mume hanywi. Hilo la mwisho ndilo alilolitangaza zaidi, maana baba mkwe wake alikunywa nusu ya kibanja, mgomba kwa mgomba, mpaka upande wote wa bondeni ukawa wa watu wengine. Ildefons aliapa mbele ya padri kwamba kitu hicho hakitagusa ulimi wake.

Alipostaafu, aligeuza stoo ya kahawa kuwa karakana, akaanza kutengeneza injini ndogo ambayo ungeweza kuifunika kwa sufuria ya wali. Haikutumia petroli. Kibatari kiliwaka chini ya silinda, hewa iliyomo ikapata moto, ikatanuka na kusukuma pistoni. Ikipoa, pistoni inarudi. Gurudumu lilitoka kwenye chereheni bovu. Pistoni ilikerezwa na Faruku, fundi wa Bukoba mjini na rafiki yake wa miaka mingi, kutokana na chuma cha shokomzoba ya pikipiki. Kazi iliyobaki ilikuwa kuioanisha: kusogeza hiki unene wa unywele, kulegeza kile, kusikiliza, kuanza upya.

"Itafanya nini?" Dativa aliuliza siku moja, amesimama mlangoni ili asichafue gauni.

"Itazunguka."

"Halafu?"

"Halafu itaendelea kuzunguka, Mwalimu."

Mumewe alicheka. Yeye hakucheka. Wanajumuiya wa kanisani walipouliza mzee anagonga nini kutwa, alijibu kwamba anaunda pampu ya kumwagilia bustani. Uongo huo ulikuwa wake, na ulikuwa wa kwanza.

Kibatari kilitaka spiriti, na spiriti ya dukani ilikuwa adimu. Ildefons akawa anaagiza enkonyagi kutoka Izimbya, ile kali inayotangulia kudondoka mtamboni, inayoshika moto ukiisogezea kiberiti. Aliingiza chupa kwa kuzificha ndani ya koti. Alimjua mkewe: asingependa mtu aone kitu hicho kikipita getini kwake.

Dativa alizikuta akifagia vumbi la chuma. Akakaa juu ya ndoo. Aliona kibanja kikiondoka tena, mgomba kwa mgomba. Hata hivyo hakumwuliza mumewe. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nyumbani kwake kuna jambo la kuulizwa. Alichofanya ni kumwaga kidogo na kujazia maji yaliyochemshwa, kikombe kimoja kwa kila chupa, kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Kila chupa mpya ilipokuja, alifanya hivyo. Mumewe hakulalamika hata mara moja. Dativa alidhani aibu ndiyo iliyomziba mdomo.

Jumapili moja baada ya misa, Ildefons aliwaita majirani waje waone. Alivaa shati jeupe. Aliwasha kibatari, moto ukawa mnyonge, unatetemeka kama unaogopa watu. Gurudumu likazunguka mara mbili, likasimama. Akalisukuma kwa kidole. Likazunguka mara moja, likasimama.

"Kaka, mtoto amesinzia," alisema Rwekaza, mdogo wake, mtu wa vilabuni. "Mwimbie!"

Watu walicheka. Mwingine akaiona chupa. "Kumbe pampu yenyewe ni hii! Inamwagilia koo!"

Dativa alisema anakwenda kutazama ndizi jikoni. Hakurudi.

Kuanzia hapo Ildefons aliamini kosa liko kwenye pistoni. "Imebana mno," alimwambia mkewe, akakaa wiki tatu akiisugua kwa msasa laini. Shinikizo la damu lilimchukua katika wiki ya nne, kwenye stuli yake, msasa mkononi. Alipozikwa kibanjani, uvumi ulikuwa umeshafika Muleba.

Mwaka ulipotimia ikasomwa misa ya kumbukumbu, na Faruku akaja kutoka Bukoba. Baada ya chakula alimwomba Dativa: "Mama Klaudia, niruhusu niiwashe. Kwangu ilizunguka mpaka mimi ndiye niliyechoka."

Waliitoa uani na chupa iliyobaki. Moto ukawa uleule wa kutetemeka. Rwekaza akachovya kidole kwenye chupa, akakilamba, akakunja uso.

"Faruku, hii, waitu, unaweza kumwogeshea mtoto! Ni maji!"

"Ningejuaje?" alijibu Faruku. "Mimi sijawahi kuonja kitu hicho." Kisha akaitazama chupa. "Na yeye hakuwahi."

Mnywaji angejua kwa funda la kwanza.

Rwekaza alichomoa kichupa chake mwenyewe mfukoni, akakimimina kwenye kibatari, na safari hii hakuna aliyecheka. Moto ukasimama wima, wa bluu. Injini ikashtuka, ikazunguka kwa nguvu, kisha ikaanza kupumua pembeni mwa pistoni na kufifia. Faruku aliigusa.

"Imesuguliwa mno, inavuja. Niliikereza ikakaa kama chanda na pete. Kwa nini aliigusa?"

"Wauzaji wa Izimbya hao," alisema Rwekaza. "Wezi. Wanatia maji, mtu anahangaika na chuma chake bure."

Wote waliafiki. Dativa alikuwa amesimama na kikapu cha kahawa ya kutafuna, anagawia wageni. Njia ilikuwa wazi mbele yake: mume ameshatakaswa, lawama zimeshapata pa kwenda, mbali, kwa watu asiowajua. Angenyamaza tu. Alitazama gurudumu la chereheni, limesimama.

"Maji nilitia mimi," alisema, kwa sauti ileile ya gwaride la asubuhi shuleni. "Nilidhani anakunywa. Sikumwuliza. Nikajazia maji chupa baada ya chupa, na siku mlipomcheka nilikuwa jikoni, nasikia."

Faruku aliinamisha kichwa. Rwekaza ndiye aliyesogea karibu, bila mzaha hata chembe.

"Shemeji, kaka alijua? Ulimwambia kabla hajafa?"

"Hilo silijibu," alisema Dativa.

Alimaliza kugawa kahawa mpaka kwa mgeni wa mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakulijibu siku ile, na hapa pia halijibiwi.